Springi za Mama Mkwe

Matairi yalikuja kabla ya akili. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anabadilisha fedha pale mpakani Kabanga, na huko alikutana na mtu aliyekuwa anauza gari lake kipande kipande. Akachukua matairi manne, akayapakia juu ya basi, yakashushwa Nyakanazi, kisha akanipigia simu niende kuyafuata. Yalikuwa mapana, yenye meno makubwa, na likisimamishwa moja lilinipita goti. "Shemeji," aliniambia, "sasa tope litakuamkia." Ulikuwa mchango wake kwa mama yake mgonjwa. Nani angekuwa na ubavu wa kukataa mchango wa mtoto kwa mama yake, hata kama mchango wenyewe hauingii kwenye gari?

Maana hayakuingia. Nilifunga moja mbele, nikakata usukani, likakwangua bodi kwa mlio uliowatimua kuku uani. Pikapu yangu ni ya kazi, kuukuu, ya kabini moja, ya kubebea mahindi na maharage ya hapa Nyabusozi. Ili ivae viatu vile ilibidi kwanza iinuliwe, na kuinua gari si sawa na kukunja suruali. Ukigusa kitu kimoja kule chini, vingine vitatu vinadai haki yao.

Sikuwa na haja ya matairi makubwa kwa ajili ya mahindi. Mahindi yanaweza kungoja barabara ikauke. Mama mkwe wangu alikuwa na kidonda cha sukari chini ya unyayo wa kulia, na kila wiki kilitakiwa kusafishwa hospitalini, Biharamulo mjini. Kiangazi hatukupata taabu. Jirani yetu ana gari dogo la abiria, lile la chini kabisa. Mama, kwa maelezo ya mke wangu, alikuwa anaketi kwanza, halafu anaiingiza miguu, wanaondoka yeye na mke wangu. Mvua zilipoanza, gari dogo likasalimu amri. Malori ya mahindi na mkaa yamechimba barabara yetu mifereji miwili, katikati pamebaki tuta, na gari lisilo na kimo linakalia tumbo juu ya tuta hilo, matairi yakizunguka bure. Pikapu yangu nayo ilikalia tumbo nilipokwenda kuijaribu peke yangu, nikavutwa na ng'ombe wa jirani mbele ya watu wote niliowahi kuwacheka kwa kukwama.

Bodaboda mke wangu aliikataa katakata, mguu wenyewe uning'inie kwenye tope namna ile. Kwa hiyo kliniki zikapita bila mama kwenda. Mke wangu alimpigia simu nesi kueleza, na nesi hakuzunguka mbuyu: kidonda kile kikiendelea kukosa kusafishwa, kitakachofuata ni kukata mguu. Mke wangu aliweka simu mezani, akaendelea kuchambua mchele, mawe akayaacha, tukala chakula chenye mawe jioni ile na hakuna aliyelalamika. Niliogopa. Niseme hivyo tu, niliogopa sana.

Inabidi nieleze tunavyoishi, vinginevyo yaliyofuata yataonekana upuuzi. Mimi ni Msubi wa hapa hapa. Mke wangu ni Msukuma. Wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe zao kutoka Shinyanga. Baba mkwe alipofariki na mguu wa mama ulipoanza kusumbua, tulimleta kwetu, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona ni aibu, maana mama mkwe kwenda kukaa kwenye mji wa mkwe wake si mambo ya kawaida. Tukamjengea nyumba yake nyuma ya yetu, mlango ukielekea migombani, ili kila mmoja awe na upande wake.

Kwa desturi yao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani. Namwamkia nikiwa nimechuchumaa kwa mbali, macho chini, naye anaitikia akiwa amegeuka. Akiwa na neno nami, anamwambia mke wangu, hata kama nimesimama pale pale na nimeshalisikia lote. Mke wangu ananirudia nalo, nami najibu kupitia kwake, na mama anasubiri aletewe jibu ambalo limeshampita masikioni. Wenzangu waliooa kwa Wasukuma wengi wamelegeza mambo haya siku hizi, wengine wanapeana hadi mikono. Mimi sikulegeza hata uzi. Msibani na kanisani niliitwa mkwe wa mfano, na sitasema uongo, jina hilo lilinipendeza kuliko shati jipya.

Basi nikaenda Nyakanazi kwa fundi. Gereji yake iko karibu na njia panda, nyuma ya vibanda vya chipsi, pale malori ya kwenda mpakani yanapoegeshwa. Ni Muhangaza mwenye sauti kubwa na maneno mengi zaidi ya spana zake, na hajawahi kukutana na gari ambalo halijui. Aliyazunguka matairi ya Kabanga, akayapiga teke, akafurahi kama yake.

"Hii gali tukiipandisha, mzee, utapita juu ya malori."

"Sitaki kupita juu ya malori. Nataka kupita juu ya tuta."

Akanitolea njia tatu. Ya kwanza ni vibao vya chuma: kwa nyuma unaweka kibao kati ya ekseli na springi, unafunga kwa boliti ndefu, na kwa mbele unakaza zile fito zinazobeba gari mpaka linanyanyuka. Kazi ya siku moja. Ya pili ni kubadilisha vyuma vinavyoshika mwisho wa springi, unaweka virefu, mkia wa gari unapanda. Ya tatu ni kuagiza seti nzima Mwanza, springi ndefu za nyuma, fito mpya za mbele, shokapu ndefu nne, na kungoja.

Shemeji alitaka vibao. Alipiga simu kila nilipokaa gerejini, kana kwamba alikuwa ananiona. "Weka vibao, shemeji! Weka vikubwa! Mama hana muda wa kungoja Mwanza." Fundi naye alitaka vibao, kwa sababu alikuwa navyo pale pale, vimekatwa kutoka kwenye chuma cha lori. Wote wawili walisema kweli kuhusu muda. Lakini mimi niliwahi kupanda gari lililoinuliwa kwa vibao na kukazwa mbele mpaka mwisho. Kila shimo linakupiga kwenye meno. Gari la namna ile halitembei, linarukaruka kama mbuzi aliyefungwa miguu. Nikawaza mguu wenye kidonda ukining'inia mle ndani, kila mtikisiko ukiteremka mpaka kwenye unyayo, kutoka Nyabusozi mpaka mjini na kurudi. Nikasema hapana. Nataka laini.

"Laini na juu havikai pamoja," fundi akasema.

"Vitakaa."

Kupanga ni kuchagua, na nilichagua kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa jambo langu mwenyewe. Sikuingia dukani kununua seti na kuondoka. Nilitaka springi zenye vyuma vingi vyembamba badala ya vichache vinene, maana vyembamba vinakunjika taratibu. Fundi akaniambia vyembamba vitalala nikipakia mahindi. Nikamwambia mahindi yatabebwa na wengine. Akasema shokapu ngumu ndizo zinazodumu. Nikamwambia sitaki za kudumu, nataka za kumfikisha mgonjwa. Hapo aliacha kelele kidogo, akauliza, "Mgonjwa anakaa au analala?"

"Anakaa."

"Basi sawa," akasema, na hakuuliza tena.

Tukabishana juu ya kimo. Inchi mbili, alisema, matairi yataingia lakini tutakata madigadi. Inchi tatu hatukati kitu. Inchi nne, tutabadilisha hadi mabomba ya breki na gari litayumba kwenye kona. Nilikuwa nimekwenda kwenye lile tuta na kulipima kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole, na kuacha nafasi ya ngumi juu yake. Nilijua tumbo la gari linatakiwa kukaa wapi. Inchi tatu za springi, na kimo cha matairi yenyewe juu yake, vilitosha na kubaki. Nikapima mahali tairi litakapokuwa usukani ukikatwa wote. Nililala chini ya gari kwenye grisi, fundi akiwa amesimama amekunja mikono, nikatazama propela, chuma kinachozungusha matairi ya nyuma, itakavyoinama baada ya kuinuliwa na kama itaanza kutetemeka. Hakuna kitu nilichokiacha bila kukipima.

Vitu vilifika kutoka Mwanza, vikafungwa. Mara ya kwanza kuendesha nilikaribia kuimba. Kwenye lile tuta nilipunguza mwendo, nikapita, na chini sikusikia hata ukucha ukigusa. Pale senta watu walisimama kutazama. Mwenye duka la mbolea aliniuliza kama nimeteuliwa kuwa diwani. Nilijibu kwa mzaha, lakini moyoni nilikuwa na furaha ya kweli, kwa sababu kliniki ilikuwa kesho yake na mvua ilikuwa imeanza kujikusanya upande wa Burundi.

Asubuhi niliisogeza pikapu mpaka nyuma ya nyumba, mlango wa abiria ukielekea nyumba ya mama, ili asitembee mbali. Tulikuwa tumeshapanga namna ya kukaa: mama mlangoni, mke wangu katikati awe ukuta kati yetu, mimi kwenye usukani. Nikashuka, nikabaki upande wangu, nikasimama nimeipa barabara uso na nyumba yake mgongo. Ndivyo inavyotakiwa. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, iliyobaki ilikuwa ya wanawake.

Nikamsikia mke wangu akimleta polepole. Wakasimama. Mke wangu akasema, "Mama, inua mguu." Nikasikia ndara ikigonga bodi na kurudi kwenye tope. "Mwingine basi. Huu mzima." Nikasikia mkono ukipapasa mlango. Halafu mke wangu akaenda mbio, akarudi, nikasikia kreti la soda likitupwa kwenye tope. Alimwita mke wa jirani. Wakawa wawili, wakahesabu, wakasukuma, wakacheka kidogo kwa aibu, wakaacha kucheka. Mama mkwe wangu ni mwanamke mwenye mwili. Mke wangu ni mwembamba kama mwiko, na mke wa jirani alikuwa na mtoto mgongoni.

Mimi nikiwa upande wa pili nilitazama barabara. Niliitazama ile sakafu ya kabini kutoka upande wangu, ikiwa karibu na kiuno changu, na nikaiona kwa mara ya kwanza kama mahali mtu anapotakiwa kupanda. Nilikuwa nimepima kimo kati ya gari na tuta. Kati ya gari na mama sikuwa nimepima kitu, kwa sababu tangu niingie kwao sijawahi kutazama miguu ya mama mkwe wangu. Nani angethubutu? Nilijua mguu wake una kidonda jinsi mtu anavyojua habari ya mji wa mbali, kwa kuambiwa.

Kreti likateleza. Mke wangu akapiga kelele, akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hafanyi mbele ya mama yake. "Mshike! Unangoja nini?"

Nikazunguka. Mama alikuwa ananing'inia kwenye mlango kwa mikono miwili, kanga imemdondoka begani, magoti yamelegea, na wale wanawake wawili wamemshika kiuno na wanazama naye. Nikampitishia mikono chini ya kwapa na chini ya magoti, nikamnyanyua, nikamweka kwenye kiti. Haikuchukua muda. Alikuwa ana joto la homa. Alikuwa na harufu ya dawa na sabuni ya mche. Aliufunika uso wake wote kwa kanga, na alibaki hivyo mpaka mjini.

Barabara haikutusumbua hata kidogo, na hilo ndilo lililonikera. Tope lilikuwa la magoti, malori mawili yalikuwa yamelala pembeni, na sisi tulipita tu, springi zikikunjika na kunyooka taratibu, laini, vile nilivyozipigania. Mke wangu alikuwa katikati ametazama mbele. Nilitamani gari likwame, nishuke, nichimbe, nijichafue, nifanye kitu ambacho mkwe anaruhusiwa kufanya.

Hospitalini walimshusha wahudumu wawili wa kiume kwa kiti cha magurudumu, na kwao aliona sawa, wale ni watu baki. Nesi alikiona kidonda, akasema kimeingia ndani, lakini bado kinatibika akija kila wiki bila kukosa. Alirudia neno kila wiki. Alisema pia, bila kumlenga mtu, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na mama akageukia ukutani.

Tuliporudi ilibidi nimshushe. Nilimshusha.

Wiki iliyofuata alikataa. Nilikuwa nimesimama pale pale dirishani kwake, nasikia kila kitu, na hata hivyo mke wangu alitoka nje kunipa ujumbe kama desturi inavyotaka. "Mama anasema gari ni zuri sana. Anasema Mungu akubariki. Anasema haendi."

"Mwambie watamkata mguu."

Akaingia, akatoka. "Anasema wakiukata ataingia kaburini na heshima yake. Anasema mkwe hambebi mama mkwe kama mtoto kila wiki mbele ya majirani."

"Mwambie aje kaka yako ambebe."

"Kaka yuko Kabanga. Atakuja kila wiki kutoka Kabanga?"

"Tukodi vijana wa senta."

"Nimeshamwambia. Anasema hospitali ni hospitali, hapa ni kwao mkwe. Hataki kubebwa uani kwako na wanaume wa barabarani."

Nikapandisha hasira. Nilisema kwa sauti, kwa makusudi, ili ipite ukutani, kwamba desturi haijawahi kumponya mtu kidonda. Mke wangu akanitazama vibaya. Aliniambia polepole kwamba kwa miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa naishika desturi hiyo kwa mikono miwili, hata pale mama alipotaka kuilegeza kidogo, kwamba mama aliwahi kumwambia, "Mume wako ana heshima mpaka inachosha." Sikuwa nalijua hilo. Mke wangu hakuwa ametumwa kulileta.

Nikakaa kwenye ngazi ya nyumba yangu nikafikiri kama mtu wa gari, kwa kuwa ndiyo namna pekee niliyokuwa nayo. Kama kimo ndicho tatizo, kimo kinapunguzika. Naweza kurudi kwa fundi, nikatoa springi za Mwanza, nikaweka za inchi moja na nusu, nikakata madigadi matairi yaingie, nikachomelea ngazi ya chuma pembeni. Tuta ningelipunguza mwenyewe kwa jembe pale palipozidi. Mahali fulani kati ya tuta na mguu wa mama palikuwa na kimo kitakachotufaa wote, na kukitafuta kimo ni kazi ninayoiweza. Nilichokosa ni kipimo chake yeye. Safari hii ningeuliza.

Nikamwambia mke wangu amwombe mama akate kijiti, kimo cha mahali anapoweza kuufikisha mguu wake bila kushikwa na mtu. Sio kinachofaa gari. Kinachomfaa yeye. Mke wangu aliona haya kupeleka ujumbe wa namna hiyo, lakini alikwenda. Jibu halikuja siku ile. Kesho yake asubuhi alinipa kitu kimefungwa kwenye kipande cha kitenge, kwa kuwa kipimo cha mguu wa mama mkwe hakishikwi hivi hivi. Nikakiweka juu ya dashibodi, sikukifungua. Nikaendesha mpaka Nyakanazi nikiwa na nafuu moyoni, nikipanga bei ya ngazi.

Fundi alikuwa na kelele zake. "Umeludi! Nilikwambia utataka inchi nne!" Nikamwambia nimekuja kushusha. Nikamweleza kidogo, kwamba kuna mgonjwa na kwamba kupanda ni shida, nikamkabidhi kile kitenge. Akakifungua. Kilikuwa kipande cha bua la mtama, kimekatwa vizuri kwa kisu pande zote mbili. Urefu wake shibiri moja, na shibiri yenyewe ya mkono wa mwanamke.

Alicheka. "Hiki ni cha mtoto?" Mimi sikucheka, naye akaacha. Akachuchumaa, akakisimamisha kando ya tairi la Kabanga. Hakikufika hata kwenye boliti za rimu. Akaenda kwenye pikapu nyingine iliyokuwa gerejini, ya kawaida kabisa, haijaguswa, akakisimamisha chini ya mlango wake. Bado palibaki pengo la kupitisha kichwa. Akazunguka na kile kijiti kwenye gari moja baada ya jingine, mpaka kwenye kigari kidogo cha chini kilichokuwa kinasubiri kupakwa rangi, na hata hapo alilazimika kutikisa kichwa. Halafu akanirudishia, amekifunga tena kwenye kitenge chake, taratibu.

"Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "hii hakuna springi yake."

Nilirudi nyumbani bila kushusha kitu. Mke wangu alikuwa bado yuko kwenye cherehani yake senta. Mvua ilikuwa imekatika. Mtu akiingia mji wenye mama mkwe anatakiwa kukohoa kabla ya kukunja kona ya nyumba, ili mwenzake apate nafasi ya kujitenga. Siku ile kichwa changu kilikuwa Nyakanazi, na nilikunja kona bila kukohoa.

Mama alikuwa anatoka jikoni kurudi kwake. Kutoka jikoni alikuja ameshika ukuta, kutoka ukutani akashika nguzo ya kamba ya nguo, kutoka kwenye nguzo akashika pipa la maji. Kati ya pipa na mlango wake hakuna kitu cha kushika. Hapo alikunja kanga yake vizuri, akashuka chini, akaanza kwenda kwa mikono na magoti, mguu wenye bandeji ameuinua nyuma usiguse tope. Alikuwa ameizoea njia ile. Palikuwa na alama za magoti za siku nyingine, zimefifia kwa mvua pembeni mwa zile mpya.

Akaniona. Sikugeuka, na yeye hakugeuka. Nikachuchumaa pale pale nilipokuwa, kwa mazoea au kwa kuishiwa nguvu, sijui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alipumzika kidogo, mikono yake kwenye tope. Halafu akasema na mimi, mwenyewe, bila mtu katikati, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. "Usimwambie mwenzio. Na kile kijiti, baba, unisamehe. Nilikikata kirefu."